UZI: Mtu wa besi aliyekabidhiwa fimbo. Safari ya Henry Lewis, kondakta (si wa daladala)

#1 Besi ya Magomeni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mvua imenifungia ndani huku Magomeni na umeme ndiyo kwanza umerudi, nikaona nitimize ahadi yangu ya siku nyingi. Nilisema nitaleta habari ya kondakta. Mnaosubiri bei mpya za nauli mtanisamehe, nyinyi si walengwa. Kondakta ninayemsema ni yule anayesimama mbele ya okestra akiwapa watu mgongo, ana kijiti mkononi, anachezesha hewa, halafu mwishoni anapigiwa makofi kuliko waliopuliza na kukwaruza nyuzi saa mbili nzima.

Mimi naongoza kwaya hapa mjini. Kabla ya hapo niliimba besi, safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango wa sakristia. Ndiyo maana habari za huyu bwana zilinishika.

Henry Lewis alizaliwa Los Angeles, Marekani, mwaka 1932. Chombo chake kilikuwa kontrabasi, lile besi kubwa la kusimama ambalo mpigaji analikumbatia kama mtu anayemzuia mlevi asianguke. Mwaka 1948, akiwa na miaka 16, akaajiriwa na okestra ya Los Angeles Philharmonic. Anatajwa kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata ajira ya kupiga chombo kwenye okestra kubwa ya nchi hiyo. Miaka 16, wakuu. Sisi wengine kwa umri huo tulikuwa tunabebeshwa viti vya kwaya.

Sasa watu wa besi mtanielewa. Kwenye kwaya soprano ana kazi ya kubeba wimbo, tena anahangaika na noti za juu, alto anahangaika na soprano. Besi ana kazi ya "pum, pum", kisha ananyamaza vipimo sita, kisha "pum" tena. Katika vile vipimo sita unafanya nini? Unamtazama kiongozi. Unamjua mpaka anapotaka kupiga chafya. Unajua ni pigo gani atalichelewesha, nani atamwangalia kwa jicho kali, na wapi yeye mwenyewe amepotea lakini mkono unaendelea kuzunguka ili waumini wasijue. Naamini Lewis alisomea uongozi kule nyuma, bure, huku akilipwa mshahara.

Halafu jeshi likamwita. Miaka ya katikati ya 1950 jeshi la Marekani lilikuwa na okestra yake Ujerumani, Seventh Army Symphony, makao yake Stuttgart. Ilikuwa ikizunguka Ulaya kuwapigia Wajerumani na wengine Beethoven ili waone Wamarekani si watu wa vifaru peke yake. Lewis akaingia humo na besi lake, akatoka akiwa anaiongoza. Safari yake ya kimataifa ilianza akiwa na magwanda.

Akarudi kwao akaunda kikundi chake cha nyuzi, ambacho kilikuja kuwa okestra ndogo. Ndipo 1961 ikatokea jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nilete uzi huu. Igor Markevitch, kondakta mgeni wa Los Angeles Philharmonic, akaugua. Ukumbi umeuzwa, wapiga vyombo wapo, kiongozi hayupo. Wakageuka nyuma wakamwona mtu wa besi. Lewis alikuwa na miaka 28.

Chunguzeni maisha ya makondakta mtaona mlango ni huu huu. Leonard Bernstein, Novemba 14, 1943, New York: Bruno Walter kaugua, kijana wa miaka 25 anapanda bila mazoezi, redio inarusha nchi nzima, kesho yake yuko magazetini. Arturo Toscanini, Rio de Janeiro, 1886: kiongozi kagombana na watu kaondoka, aliyejaribu kushika nafasi kazomewa, basi wakamsukuma mpiga selo (fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa amekaa) wa miaka 19, akaongoza opera nzima ya Aida kwa kichwa. Mpiga fidla anaweza kujifungia chumbani akafanya mazoezi miaka kumi. Kondakta hana chombo. Chombo chake ni watu themanini wanaolipwa, na hakuna atakayekuazima watu themanini ujifunzie. Unasubiri mwenye nafasi aharishe.

Mimi mwenyewe nilianza siku ya mafuriko ya Jangwani. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa upande huu wa Magomeni, kanisa liko upande wa mjini, misa ya Pasaka, na barabara imefungwa maji yanapita juu. Nitaisimulia baadaye, naenda kuangalia ndoo zangu kwanza.

#2 Kijana wa Kimara

Nimefungua uzi mbio nikidhani konda mmoja wa Mbagala amepelekwa Ulaya. Nimesikitika lakini nimekaa. Endelea mzee, shikamoo.

#3 Konda Mstaafu

Mleta uzi usitudharau. Nimekaa mlangoni ruti ya Mwenge–Posta miaka kumi na moja. Konda akigonga bodi mara moja dereva anajua kuna wa kushuka, akigonga mbili gari linaondoka. Dereva haoni nyuma, abiria hawaoni mbele, anayeona kote ni mimi niliyening'inia. Hebu nieleze huyo wako wa fimbo anafanya nini zaidi ya hapo.

#4 Mbishi wa Tandika

Tena konda anakusanya nauli, huyu hakusanyi kitu. Wale watu wana noti mbele yao, wamesoma, wana macho. Ondoa huyo mtu, muziki utatoka uleule. Sikinde walikuwa na kondakta? Msondo je? Wale wapiga fidla na kanuni wa taarabu kule Unguja nani anawapungia kijiti?

#5 Besi ya Magomeni

Marahaba Kijana wa Kimara. Konda Mstaafu, umesema kitu ambacho nimekisoma kwenye vitabu vizito nikakielewa nusu. Lile gongo lako la bodi ndilo pigo la kwanza la kondakta. Kabla muziki haujaanza, kijiti kinapanda, na kile kupanda tu kinamwambia mpiga tarumbeta avute pumzi kiasi gani, wimbo utakwenda kasi gani, utaanza kwa upole au kwa ukali. Muziki haujatoka na tayari umeshaamuliwa. Asiyejua kugonga bodi, gari linazima.

Mbishi, kwa upande mmoja nakubaliana na wewe. Moscow mwaka 1922 walianzisha okestra isiyo na kondakta, ikaitwa Persimfans, ikadumu takriban miaka kumi. Wanamapinduzi walisema hatutaki bwana mkubwa jukwaani. Walikaa wakitazamana, na walipiga vizuri. New York nako kuna Orpheus, wapo tangu 1972, hawana kondakta mpaka leo. Na ndiyo, DDC Mlimani Park, hao Sikinde wako, tangu 1978 haijawahi kuhitaji mtu wa kupunga kijiti, kwa sababu dansi ina tumba na drams, mapigo yapo masikioni mwa kila mtu, na kiongozi wa bendi ana gitaa shingoni au maikrofoni mkononi. Neno lenyewe "okestra" sisi Dar tulilijulia Maquis na Safari Sound. Ukimwambia mzee wa Temeke "okestra" anatafuta viatu vya kuchezea.

Lakini kukaa bila kondakta kuna gharama yake. Kila mmoja lazima azijue noti za wote, na kila swali, hapa tupunguze au tuongeze, ni kikao. Kondakta anakata kikao. Na ukifika kwenye opera mjadala umekwisha, opera bila kondakta ni ajali.

#6 Mama Alto

Mwalimu, samahani kwa swali la kitoto. Opera ni nini hasa? Mimi najua tu yule mama mnene anayepiga kelele kioo kinapasuka.

#7 Besi ya Magomeni

Mama, swali lako siyo la kitoto, nami nitakaa hapa kidogo maana ndipo utamu ulipo.

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno karibu yote yanaimbwa. Waigizaji wako jukwaani na mavazi yao, kwaya nayo iko jukwaani inaigiza, na okestra iko chini, kwenye shimo mbele ya jukwaa. Ndiyo, panaitwa shimo. Kondakta yuko shimoni, kichwa kimechomoza. Mpiga fidla aliye chini ya ukingo wa jukwaa hamwoni mwimbaji hata kidogo na anamsikia nusunusu. Mwimbaji yuko mita ishirini nyuma, amelala chali anakufa kwa kifua kikuu, taa zinamwaka usoni, haisikii fidla vizuri. Sauti nayo inachukua muda kusafiri. Kwaya iliyo nyuma kabisa ikiimba kwa kufuata inachosikia, itafika mbele imechelewa. Lazima waimbe kwa kufuata mkono, hata kama masikio yao yanawaambia wanakosea. Kwa walio nyuma ya pazia wanawekewa televisheni inayomwonyesha kondakta peke yake. Mkono wa kulia unapiga mapigo, wa kushoto unasema wewe punguza, wewe ingia, wewe subiri bado. Macho yake yako juu kwa mwimbaji kwa sababu mwimbaji ni binadamu, leo pumzi ndefu kesho fupi, na okestra nzima inatakiwa imngoje bila msikilizaji kujua kwamba kuna mtu amengojwa.

Mwaka 1972 Henry Lewis aliingia kwenye shimo la Metropolitan Opera, New York, ukumbi wa viti karibu 3,800, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza pale. Opera waliyompa ilikuwa La bohème ya Puccini. Watu huisifu kwa uzuri, wanaoongoza huiogopa.

Kisa chake ni vijana maskini wa Paris, baridi, hawana kuni, binti anaugua. Sehemu ya kwanza ni watu wachache chumbani. Sehemu ya pili pazia linafunguka na umefika Kariakoo mkesha wa Idi. Wachuuzi wanauza, watoto wanalilia midoli, mama zao wanawafokea, wanafunzi wanaimba, wahudumu wa mkahawa wanapishana, na katikati ya hayo wapenzi wawili wanagombana kwa wimbo. Kila kundi lina mstari wake, kila mstari una kipimo chake. Mwisho kabisa inaingia bendi ya wanajeshi inatembea jukwaani na ngoma zake, na okestra ya shimoni lazima ilingane nayo. Sehemu nzima haifiki dakika ishirini. Mtu mmoja tu ana kitabu chenye noti za wote hao kwa pamoja, naye hatoi sauti yoyote.

Opera hiyohiyo, mara ya kwanza kabisa kuchezwa, Turin, Februari 1, 1896, aliyeiongoza ni Toscanini, yule mpiga selo wa Rio, sasa akiwa na miaka 28.

Na kuna tarehe nyingine ambayo huwa nikiitaja kwenye kwaya vijana wananyamaza. Januari 7, 1955, Marian Anderson aliimba kwenye Metropolitan hiyo hiyo, mtu mweusi wa kwanza kuimba sehemu ya peke yake pale. Alikuwa karibu kutimiza miaka 58, sauti yake ya ujana ilikwisha kupita. Kutoka kuruhusu mtu mweusi aimbe mpaka kuruhusu mtu mweusi aongoze ilichukua miaka 17 mingine. Kumsikiliza ni jambo moja. Kumpa amri juu ya okestra ya watu weupe ni jambo jingine.

#8 Mbishi wa Tandika

Haya nimesoma, nimeelewa kidogo. Lakini mleta uzi unatuficha kitu. Nimetafuta jina lake mtandaoni nimeona mkewe ni Marilyn Horne, mwimbaji mkubwa wa opera, tena mzungu. Sasa si ndiyo hapo? Mke ana jina, mume anapewa fimbo. Tunazijua hizi, hata bongofleva zipo.

#9 Besi ya Magomeni

Nilijua utafika huko Mbishi, na maneno hayo yalisemwa hata wakati wake. Tupige hesabu. Walioana 1960. Mwaka 1948 alikwisha kuwa ndani ya Los Angeles Philharmonic. Katikati ya miaka ya 1950 alikuwa anaongoza Ujerumani. Mwaka wa ndoa yao Horne naye alikuwa bado anapanda ngazi, jina lake kubwa lilikuja baadaye. Horne mwenyewe amekiri hadharani kwamba Lewis alikuwa mwalimu na mshauri wake wa sauti. Kwa hiyo kama kuna aliyembeba mwenzake, mzigo ulikuwa unapokezanwa.

Tena fikiria wameoana wapi na lini. Huko California sheria ya kuzuia weupe na weusi kuoana iliondolewa mahakamani 1948, mwaka uleule Lewis alipoajiriwa. Lakini majimbo mengine yaliendelea nayo. Mpaka Juni 1967 Mahakama Kuu ya Marekani ilipoifuta kote, majimbo 16 yalikuwa bado yanaona ndoa kama yao ni kosa. Wanamuziki wanaishi kwa kusafiri. Hebu waza kupanga ziara ya nchi yako mwenyewe huku unahesabu majimbo ambayo cheti chako cha ndoa ni ushahidi wa jinai.

Ndoa ilivunjika miaka ya 1970. Wakaendelea kuheshimiana, na hayo mengine tuwaachie wenyewe.

#10 Mzee wa Sikinde

Vijana mmeniamsha. Uzi mzuri, ingawa huyo Mbishi angeacha kutaja bongofleva kwenye mada ya heshima. Swali langu, kabla ya Lewis hakukuwa na mweusi mwingine aliyeshika fimbo? Mambo hayaanzi hewani.

#11 Besi ya Magomeni

Shikamoo mzee. Hayaanzi hewani kweli.

Alikuwepo Dean Dixon, mzaliwa wa Harlem, New York, 1915, wazazi wake wahamiaji wa visiwa vya Karibi. Akiwa bado kijana akaunda okestra yake pale Harlem, kwa sababu hakuna aliyekuwa anampa. Mwaka 1941 aliongoza New York Philharmonic na pia okestra ya redio ya NBC, ile ya Toscanini. Mtu mweusi, miaka 26, okestra mbili kubwa kuliko zote mjini. Ungedhani mlango umefunguka. Baada ya hapo ni mialiko ya hapa na pale, hakuna aliyempa ajira. Mwaka 1949 akafunga virago akaenda Ulaya.

Na Ulaya kazi zilikuwepo, si kwa kuwa Wazungu wa kule ni malaika. Zipo kwa sababu ya mfumo. Ujerumani peke yake leo ina takriban nyumba 80 za opera zinazolipwa na serikali na miji. Mji wa ukubwa wa Morogoro unaweza kuwa na nyumba ya opera, okestra ya mishahara na kwaya ya mishahara. Kijana anaanza kwa kupiga piano waimbaji wakifanya mazoezi, anapanda kuwa msaidizi, anapewa operetta (opera nyepesi) ya Jumapili mchana, siku moja bosi anaugua. Marekani wanategemea wafadhili matajiri, na mfadhili ana mke, na mke ana marafiki, na wote wana maoni kuhusu nani apewe mkono wa salamu kwenye dhifa baada ya onyesho.

Dixon alishika okestra ya Göteborg huko Sweden kuanzia 1953 hadi 1960, kisha okestra ya redio ya Frankfurt kuanzia 1961 hadi 1974, na katikati ya hapo akawa pia na ya Sydney, Australia, 1964 mpaka 1967. Ukihesabu na Marekani alikotoka, mabara matatu, mzee. Alirudi kuongoza New York 1970, baada ya miaka 21. Alikufa Uswisi 1976. Anakumbukwa kwa kueleza kwamba kazi yake ilipita hatua tatu: kwanza walimtaja kama kondakta mweusi wa Kimarekani, baadaye kondakta wa Kimarekani, mwisho kondakta tu. Hiyo ya tatu aliipata mbali na kwao.

Lewis alikuwa wa zamu iliyofuata. Mwaka 1968 New Jersey Symphony ikamchukua kuwa mkurugenzi wa muziki, mtu mweusi wa kwanza kupewa okestra ya hadhi hiyo Marekani kama mali yake ya kulea. Na Newark, mji mkubwa wa jimbo hilo, mwaka mmoja tu nyuma ulikuwa umewaka moto. Ghasia za Julai 1967 ziliua watu 26. Anaingia mtu na Beethoven mkononi, mitaa bado ina majivu. Alikaa hapo mpaka 1976, na hiyo ndiyo kazi ninayomheshimu nayo kuliko ile ya Metropolitan. Metropolitan unaingia, unaongoza, unatoka, okestra ilikuwa nzuri kabla yako na itabaki nzuri. Ile ya New Jersey ilibidi ailee.

#12 Mlugaluga wa Kigoma

Mnakwenda mbali wakati jirani yupo. Ng'ambo ya ziwa, nchini Congo, jijini Kinshasa, kuna okestra kamili ya watu weusi watupu, Orchestre Symphonique Kimbanguiste. Aliyeianzisha 1994 ni Armand Diangienda, alikuwa rubani wa ndege, kazi ikaisha. Ni mjukuu wa Simon Kimbangu mwenyewe, mwenye kanisa. Walianza wakipokezana vyombo, huyu akimaliza zamu mwenzake anashika fidla ileile. Inasimuliwa waliwahi kufunga waya wa breki ya baiskeli badala ya uzi wa fidla. Na wamepiga simfonia ya tisa ya Beethoven, ile yenye kwaya, umeme ukikatika wanaendelea.

#13 Kijana wa Kimara

Waya wa breki! Hapo nimemvulia kofia. Mwalimu, kwa nini Dar hatuna?

#14 Besi ya Magomeni

Mlugaluga umenitoa machozi, yule Diangienda ningemfungulia uzi wake. Angalieni, yeye hakusubiri mtu augue. Hakukuwa na wa kuugua.

Kijana, Dar tuna sauti. Nenda kanisa lolote mkesha wa Krismasi uone watu wanavyoimba Haleluya ya Handel kwa Kiswahili, sauti nne, wengi wao wamejifunza kwa solfa ubaoni, do re mi, hawajawahi kugusa noti za mistari. Polisi na jeshi wana bendi za matarumbeta zinazosoma noti vizuri sana. Tunachokosa ni nyuzi. Fidla nzuri moja ni mshahara wa mwalimu wa miezi mingi, na okestra inahitaji thelathini, na fidla huchelewa kumtii mtu. Mtoto anaikwaruza miaka mitatu ndiyo inaacha kulia kama paka. Nani atamlisha mtoto huyo hiyo miaka mitatu?

Na kuna jambo jingine, nitalisema kwa kifupi kwa kuwa bado linaniuma. Mwaka fulani kwaya kadhaa za hapa mjini ziliunganishwa kwa sherehe kubwa. Niliwafundisha watu miezi minne, jioni baada ya kazi, wengine wanatoka Chanika kwa daladala mbili. Siku yenyewe, asubuhi, nikaambiwa kuna mgeni mwenye cheo ambaye "ingependeza" aongoze yeye. Kanzu nimeshavaa. Nikarudi safu ya besi. Aliongoza, watu walimfuata vizuri mno, maana hawakuwa wanamtazama yeye. Nilikuwa napiga mapigo kwa kidole gumba juu ya kitabu, na safu yote ya nyuma inaniona.

Nimalizie Lewis. Baada ya New Jersey alizidi kuwa mtu wa Ulaya na wa kualikwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 akashika okestra ya redio ya Uholanzi, na 1991 akaongoza Carmen Jones pale ukumbi wa Old Vic, London. Hiyo ni Carmen ya Bizet iliyopewa maneno mapya ya Kiingereza na wahusika weusi. Kwa mtu aliyeongoza Carmen yenyewe kwenye nyumba kubwa, kurudia noti zilezile na vijana weusi jukwaani, sijui mwenzangu, mimi naona ilikuwa siku nzuri kwake. Alifariki New York, Januari 1996, kwa moyo, akiwa na miaka 63.

#15 Mbishi wa Tandika

Mwalimu pole kwa lile la kanzu. Nimeacha ubishi kwa leo. Kwa leo tu.

#16 Konda Mstaafu

Kidole gumba nimekielewa kabisa. Kuna dereva alikuwa hataki kunisikia mbele ya tajiri, nikawa nagonga bodi kwa kisigino.

#17 Mama Alto

Mwalimu umetukimbia na Jangwani. Ilikuwaje? Na yule mwalimu wenu alisema nini alipokuta mtu wa besi kachukua nafasi yake?

#18 Besi ya Magomeni

Nilidhani mmesahau.

Dakika tano kabla ya maandamano ya kuingia, mpiga kinanda akaniita, "Wewe unamtazamaga sana mwalimu, njoo." Nikaenda. Mikono haikuwa yangu. Wimbo wa kwanza niliwaanzisha kwa kasi ya harusi, soprano wakanikodolea macho, nikapunguza, mpiga kinanda akapunguza zaidi, tukakutana katikati. Kuanzia Utukufu ndipo mkono ukaanza kunitii.

Kwenye vipaji nikamwona mwalimu mlangoni. Alivuka maji kwa miguu upande wa daraja baada ya wale vijana wa kuvusha watu kumdai bei ya kuruka. Suruali imelowa mpaka mapajani, viatu kaning'iniza shingoni kwa kamba zake. Nikateremsha mikono, nikasogea pembeni ili apite. Akanionyesha kwa kidevu: endelea.

Akapita nyuma ya nguzo, akaenda kukaa kwenye kiti changu, safu ya besi. Akaimba besi mpaka mwisho wa misa. Haleluya ya kutokea aliingia kipimo kimoja mapema.